Miaka Mia Mbili Kufikia Ijumaa

Mwanangu amemimina siki kwenye chipsi, na gari zima linanuka karakana ya baba.

Ilikuwa stoo ya mabati nyuma ya chumba tulichopanga mtaa wa Cato Manor. Mwenye duka la vitu vya kale alimletea vyungu vya shaba kutoka China, vya miguu mitatu, vilivyoigwa kutoka vile vya wafalme wao wa zamani, kila kimoja na uso wa mnyama asiye na taya. Vilifika viking'aa kama sufuria mpya. Kazi ya baba ilikuwa kuvizeesha. Alivipasha moto, akavipaka siki, chumvi na mkojo wetu wenyewe tuliokuwa tukiukusanya kwenye ndoo. Moshi ulipopanda, mama aligonga bati kutoka nje.

"Baba watoto, fungua mlango upumue!"

"Upepo utaniharibia rangi," alijibu, akikohoa.

Siku moja nilimuuliza baba chungu alichoshika kina umri gani. Alikigeuza, akatazama ukijani ulioanza kuota machoni mwa yule mnyama.

"Leo kina wiki mbili. Kufikia Ijumaa kitakuwa na miaka mia mbili."

Tulicheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini.

Wanaume waliokuja kumwosha kabla ya maziko walimaliza kipande kizima cha sabuni, na kucha zake zilibaki za kijani. Mmoja wao alitoka akifuta mikono, akanikuta mlangoni.

"Pole, mwanangu. Babu yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na sita," nikamjibu.