Sahihi ya Marehemu

Nilikuwa nikikusanya viazi Mweiga na kumuuzia Mhindi mmoja mwenye duka la jumla mjini Nyeri. Yeye naye aliviuza kwa mashule, na mashule hulipa yakitaka. Kwa hiyo tulitumia hundi ya muda. Mimi niliandika karatasi ya kumtaka alipe baada ya miezi mitatu, yeye akaweka sahihi ya kukubali, nami nikaipeleka benki. Benki ilikata faida yake na kunipa pesa siku hiyo hiyo, nikawalipa wakulima.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatwa na mashine ya kusaga. Alipoandika, kalamu iliruka katikati ya jina na kuacha pengo dogo. Karani wa benki aliitambua sahihi ile kwa pengo hilo.

Mzee alifariki mwezi wa saba, wakati wa baridi. Nilihudhuria mazishi; walimchoma kwa desturi yao, nikauona moshi ukipanda na kupotea ndani ya ukungu.

Baadaye mjane wake akanipigia simu. "Mama, lete viazi. Mashule wanaitisha."

Nilipeleka. Dukani taa ilikuwa imewashwa mchana kwa sababu ya ukungu. Kwa mazoea nilikuwa nimeandika hundi kwa jina la mzee, na nilipogundua nikaanza kuomba msamaha.

"Iko sawa," akasema. "Lete kalamu."

Aliandika haraka, macho yake yakiwa kwenye kiti kitupu cha mumewe. Hakuangalia karatasi hata mara moja. Niliisoma. Ilikuwa sahihi ya mzee, na pengo lake mahali pale pale. Nikautazama mkono wake. Vidole vyote vilikuwa vizima.

"Mama, umejifunza lini kuandika hivi?" nikamuuliza.

Akaishika karatasi, akaisogeza karibu na taa.

"Mimi sijaandika hii. Nimeshika kalamu tu."

Nje mtu alikuwa akiburuta gunia kwenye veranda, na sote wawili tulishtuka.

Ningeweza kwenda nayo benki. Karani angeipokea bila swali, na wakulima walikuwa wakinisubiri. Lakini mtu aliyekufa hawezi kukubali deni, na sikutaka kuibeba karatasi ile kwenye mkoba wangu. Niliichana. Mjane akavikusanya vipande mwenyewe, akavitia kwenye jiko la makaa.

Nikaandika nyingine kwa jina lake. Aliitia sahihi polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Benki walisumbua, wakataka mwanawe adhamini, ndipo wakakubali. Muda ulipofika, alilipa yote.

Bado tunafanya biashara. Siku moja nilimuuliza kama jambo lile liliwahi kutokea tena.

"Kwa hundi, hapana," akanijibu, akifunga kamba ya gunia. "Lakini barua za kwetu India zilianza kutoka na mwandiko wa mzee. Siku hizi namwambia mtoto aniandikie."