Biskuti za "Bila Sukari" Zilivyotaka Kula Mguu Wangu

Kuanzia Tinde hadi Runzewe, uliza Baba Kulwa ni nani. Shule niliishia darasa la nne, lakini leo nina maduara, mashimo yanayotoa dhahabu, karasha langu mwenyewe la kusagia mawe na nyumba ya bati la rangi. Jiwe hunidanganyi. Hata ling'ae vipi, silinunui mpaka nilisage, nilioshe kwenye karai, nione kilichobaki.

Basi sukari ikanipata. Kiu haiishi, mkojo kila mara, macho yana ukungu. Daktari akanipa dawa, akasema nipunguze sukari na wanga. Sukari nikaielewa. Wanga nikaona ni maneno ya wasomi. Soda nikaacha, nikanunua katoni za biskuti zilizoandikwa mbele kwa herufi kubwa: BILA SUKARI. Nikawa namaliza pakiti nzima na chai.

Kipimo kikazidi kupanda. Nilikasirika! Nikamwambia daktari mashine yake mbovu.

Kisha buti likanichubua kidole cha mguu duarani, nisisikie kitu. Mke wangu ndiye aliyesikia harufu. Kuvua soksi, kidole cheusi, usaha unatoka.

"Hiki kinakatwa. Ukichelewa tena, ni mguu," daktari akasema. "Unakula nini, mzee?"

Mke wangu akatoa pakiti mkobani. Daktari akaigeuza nyuma.

"Sukari kweli hamna. Lakini soma hapa, wanga. Huo ukifika tumboni unageuka sukari. Na hesabu hii ni ya biskuti chache, siyo pakiti nzima."

Mama Kulwa akanitazama. "Yaani Baba Kulwa, jiwe unalisaga kwanza, halafu biskuti unanunua kwa kung'aa?"

Kumbe nimetapeliwa na biskuti. Mimi!

Kidole kikaenda. Mguu ukabaki.

Hadi leo nakereka. Mbele wanaandika kama bango la mkutano, nyuma herufi kama mayai ya chawa, tena Kiingereza kitupu. Dukani napiga picha kwa simu, naikuza, natafuta mstari wa wanga kwa lile neno la Kiingereza alilonionyesha daktari. Muuzaji ananung'unika: "Mzee, unanunua au unasali?" Mwache anune. Pakiti isiyosomeka haiingii kwangu. Na michembe ya mama yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, isiyo na karatasi yoyote, nakula kiganja tu, roho ikiniuma.

Namshukuru Mungu, daktari, na mke mwenye pua kali. Wewe mwenzangu, meza dawa, kagua miguu yako, geuza pakiti. Kesho nashuka duarani kwa miguu yangu miwili, vidole tisa.