Siku tulipogeuka mlango wa potasiamu mbele ya majaji Hola

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Haya yalinipata mwenyewe, na sitii chumvi hata kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mafuriko ya El Niño, nilikuwa form three Garsen. Mwalimu wetu wa bayolojia akarudi kutoka Nairobi na fotokopi za jarida. Wanasayansi wamepiga eksirei fuwele za protini ya bakteria wa udongoni, wakaona umbo lake.

Ni mlango kwenye ukuta wa seli. Vipande vinne vinavyofanana, tundu katikati. Potasiamu inapita, sodiamu inakataliwa.

Na sodiamu ndiyo ndogo!

Mimi na rafiki yangu Halima, msichana wa Kiorma, tukaufinyanga mlango huo kwa udongo wa mto, tuupeleke mashindano ya sayansi Hola. Shule yetu haikuwa imewahi kupita hata mara moja.

Barabara ya Garsen kwenda Hola wakati ule ilikuwa mashimo matupu. Kufika, kufungua boksi: vigae vitupu. Nililia wakuu, sioni haya kusema.

"Mariamu, nyamaza," Halima akaniambia. "Tunataka watu wanne tu."

Akawaendea wasichana wa shule nyingine, wapinzani wetu, akawaomba wasimame duara, mikono ndani. Wakakubali huku wakicheka. Akajifunga leso mbili juu ya yunifomu.

"Mimi potasiamu. Leso ni maji, kwa sababu mwilini natembea nimezungukwa na maji. Mlangoni nayavua, na mikono hii inanishika vile vile maji yalivyonishika. Sipungukiwi na kitu. Napita."

Zamu yangu, mfupi wa darasa: sodiamu. Nikajifunga leso zile, mlangoni nikazivua, mikono hainifikii! Nikajifunga tena mbio, nikarudi nyuma. Ukumbi mzima kicheko.

Jaji mkuu, mzee wa kitambi, hakucheka. Akavua koti, akaingia kwenye duara mwenyewe.

Akakwama.

"Samahani mzee," Halima akasema kwa adabu, "kubwa kupita kiasi nayo haipiti."

Hapo ndipo alipocheka, mpaka machozi.

Tukawa wa pili, tukapata nafasi ya kwenda mashindano ya mkoa Mombasa. Wa kwanza? Wale wale waliotuazima mikono. Matokeo yaliposomwa walitukimbilia sisi kwanza, wakatubeba juu juu.

Nilichojifunza: kitu ukikielewa kikweli, hata kikivunjika utakiunda upya kwa chochote kilicho karibu.

Haya, na wewe uliyewahi kuharibikiwa na kazi mlangoni pa mtihani, ulijiokoaje? Mwageni hapa chini.