Kiti cha Kinyozi na Ngazi Tatu

Mume wangu ni kinyozi, na mdomo wake una kasi kuliko mashine yake. Nasema hivi mbele yake, naye hucheka tu. Mwaka wa kumi na tisa huu ana kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni na benchi la wanaosubiri. Mimi niko kwenye kona yangu nasuka kina mama. Kiti hicho wamekikalia madiwani, watendaji wa kata, mabwana afya na watetezi wa hiki na kile. Mume wangu ana sharti lake: haulizi swali mpaka mashine iwe imeshagusa kichwa. Hapo ndipo husema, "Mheshimiwa, hebu tuongee kidogo." Utakimbilia wapi na nusu kichwa?

Mwaka jana swali lilikuwa moja tu, la ngazi tatu za ofisi ya kata.

Mama yangu mzazi anatumia kiti cha magurudumu. Watu walimchagua kwenye kamati ya maji kwa kura nyingi, na hakuna anachokipenda duniani kama kile kikao. Sisi wanawe tunafuata kwa mbali. Basi pale ofisini alikuwa anapandishwa na mkwewe. Jamani, mama mkwe mgongoni kwa mkwe! Mama anafumba macho, mume wangu anatazama juu kama anahesabu mabati. Mara ya mwisho kiatu cha mama kilidondoka mbele ya kamati nzima. Akarudi nyumbani, akaandika barua ya kujiuzulu, akaitia kwenye mkoba.

"Jumamosi naipeleka," alisema. "Mimi si gunia la mkaa."

Niliumia, nisiseme uongo. Namjua mama yangu. Ukimnyang'anya kikao chake, hamalizi mwezi hajanyauka.

Jumamosi ikafika. Kikao kilikuwa saa nane mchana, na saa tano Diwani, mwenyekiti wa kamati ile, akaja apunguzwe nywele. Apunguzwe tu, maana nywele zile anazipenda kuliko cheo. Mimi nilikuwa namsuka Mama Kanuni. Ndivyo tunavyomwita mtetezi wa watu wenye ulemavu, kwa sababu anatembea na futi kamba kwenye pochi na kila ngazi ya mji huu ameshaipima. Mama naye alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, mkoba mapajani.

"Shikamoo mama," Diwani alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyolewa."

Mashine ikaguna. Mume wangu akaanza. "Mheshimiwa, ule mteremko wa kupandishia kiti cha magurudumu pale ofisini umefikia wapi?"

"Faili liko mezani."

"Meza ya nani?"

"Ya mhandisi."

Mama Kanuni akaruka, msuko ukaniponyoka. "Mhandisi kaniambia liko kwa mtendaji. Mtendaji kasema liko kwako. Hilo faili linatembea kuliko mwenye shida nalo!"

"Dada yangu, serikali ina taratibu zake," alisema Diwani.

Hapo ndipo mume wangu alipopandwa na hasira. Alikuwa amechomoa kile kitana cha mashine kinachozuia isinyoe mpaka ngozi, akipulize nywele, na kwa hasira akasahau kukirudisha. "Taratibu!" akasema. "Mwaka wa pili huu nambeba mama mkwe wangu, halafu unaniambia taratibu!" Na mashine ikapita, krrr, kuanzia kwenye paji la uso hadi utosini.

Katikati ya zile nywele palikuwa na njia nyeupe pee.

Mama akainua shingo pale mlangoni, akatazama vizuri. "Kumbe!" akasema. "Kumbe njia inatoka kwa dakika moja, na mhandisi hajaulizwa!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Diwani hakucheka. Alijitazama kwenye kioo, akafumba macho. "Nyoa zote," alisema kwa sauti ya mfiwa. Mume wangu akazinyoa zote huku akiomba radhi kila baada ya pumzi mbili.

Saa nane tukawa chini ya zile ngazi, na Mama Kanuni nyuma yetu. Mama akatoa barua. Mume wangu akainama, maana barua lazima ifikishwe ndani. Diwani akatokeza mlangoni na kipara chake, akatuona, akasimama.

"Mwache mama," alisema. "Mimi leo nimechekwa saa moja tu, na nimekoma. Kikao tunakaa nje. Kila mtu ashuke na kiti chake."

Wakashuka, wengine wakinung'unika. Na jua la siku ile, we! Agenda zilikuwa tisa. Kwenye ya pili Diwani alijifunika leso. Kwenye ya nne leso ikawa haifui dafu, akachomoa faili moja katika rundo lake akajitandazia kichwani. Mama Kanuni, nusu kasukwa nusu kafumuka, akasogea akasoma jalada kwa sauti: "Mteremko wa Ofisi ya Kata."

Faili lile lile! Lilikuwa kwenye rundo lake siku zote, wala hakujua. Nilimwonea huruma, kidogo tu. Alilishusha, akaliweka gotini, akatia sahihi pale pale jasho likimchuruzika.

Wiki ya nne mteremko ukakamilika. Diwani alikuja na wajumbe wa kamati, nywele zake zimeanza kuota. Mama alifika chini, na mume wangu kwa mazoea akawa ameshainama, mgongo tayari. Mama akampita. Akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, polepole, akipumua kwa nguvu, mpaka akafika juu. Akageuka. Akafungua mkoba, akaitoa ile barua ya kujiuzulu, akamwita mkwewe.

"Shika, mwanangu. Futa jina langu, andika lako. Kazi ya kunibeba imekwisha."

Mume wangu aliipokea kwa mikono miwili. Yule mwenye mdomo, anayewahoji waheshimiwa, alisimama akilia mbele ya kamati nzima, na mimi nikamshika mkono.