Sanamu za tuta la Nzoia, na shina la mgomba nililokata Rukala

Wakuu, nawasalimu kutoka Malaba, kwa foleni ya malori. Hii stori hakuna mtu alinipa. Mimi ndiye nilikuwa na panga mkononi.

Mimi ni Mteso wa Moding. Shule niliacha class six, na tangu hapo nikiona kitu sikielewi lazima nisogee karibu.

Ndivyo nilimpata dada Wambui, mchongaji kutoka Nairobi, akisimamisha sanamu za watu juu ya tuta la mto pale Rukala, Bunyala.

Kila sanamu ilikuwa na mstari mweupe mahali maji yalifika mto ulipovunja tuta. Zingine kiunoni, zingine shingoni. Alisema huko juu miti imekatwa, udongo unashuka kujaza mto, na wanaoumia ni wa huku chini. Akafinyanga na udongo huo huo.

Ndani aliweka shina la mgomba ndio sanamu isimame. Akanipa kibarua, kukata ikawa kazi yangu. Nilikata kwa Mama Ouma, karibu na tuta. Binti yake aliniruhusu, akidhani ni chakula cha ng'ombe.

Jua likapasua udongo wa sanamu moja kifuani. Shina likaonekana. Mama muuza samaki aliyekuwa akitoka Osieko akapiga nduru.

Watu wakajaa.

"Mmezika nani hapa?" mzee mmoja akauliza.

Nikacheka. Kumbe nacheka peke yangu.

Huko, mtu akipotea kwa maji na mwili usipatikane, familia hukata mgomba wa boma lake na kuzika hilo shina badala yake. Likishazikwa, basi, amekufa.

Ouma, kijana wa yule mama niliyekata mgomba kwake, alibebwa na maji siku tuta lilipovunjika. Mamake alikataa kuzika chochote. Kibanda cha huyo kijana bado alikuwa anakikandika kila kiangazi.

"Boss, leo utaogelea mpaka Uganda!" kijana mmoja akaniambia. Mwingine alishaleta petroli. Dada Wambui alinishika mkono, vidole baridi kama samaki.

Mama Ouma akafika. Akaniuliza:

"Hilo shina limetoka shamba ya nani?"

"Yako, mama."

Akabomoa ule udongo kwa mikono, akavuta shina, akaliweka begani. Watu wakampisha. Hakuna aliyetugusa.

Nilimfuata kwa mbali. Alisimama mlangoni pa kile kibanda muda mrefu sana. Halafu, bila kugeuka:

"Wewe Mteso. Kuja na jembe."

Nikachimba.

Sanamu bado zipo, ndani sasa ni mafunjo. Ile iliyopasuka Mama Ouma alikataa irekebishwe.

Nilichojifunza: kitu unachokiona takataka ya shamba, uliza wenyeji kwanza wao hukiita nini.

Lakini sijatulia. Mvua imeanza tena, na kila nikiisikia kwa mabati naona lile shimo. Watu wa Bunyala mlio hapa, niambieni ukweli: nilimsaidia yule mama, ama nilimmalizia mtoto?

Na Ouma, kama uko hai mahali na unasoma hii, rudi nyumbani. Nitafukua mimi mwenyewe.