Pua ya Shemeji na Amplifaya Iliyovuma

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi viatu kwa riziki na fundi redio kwa ukaidi. Amplifaya yake aliijenga ndani ya droo kuukuu, kwa vipuri alivyochokonoa kwenye mizoga ya televisheni, juu ya meza ya kulia chakula. Ukitaka kula pale, sharti kwanza usukume nyaya pembeni na kupangusa vinyesi vya mende. Mimi nilikuwa nakula nimesimama. Hata njaa ina heshima zake.

Tena bwana huyo hupima vipuri kwa kunusa! Mita anayo, imelala kabatini. Anakibandika kipuri puani kama ugoro, mpaka vinywele vinakigusa, halafu anatoa hukumu. Kipuri hichohicho anakuletea ushike. Ptu!

Basi amplifaya ikaanza kuvuma. Muziki haujawekwa, lakini spika zinanguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa. Nyumba nayo ikanuka samaki aliyeoza. Dada akamwaga dawa kwenye mfereji wa jikoni, akafua mapazia, mwisho akanigeukia mimi, kaka yake wa tumbo moja.

"Kaka, viatu uvue nje."

"Nimevua."

"Basi vua na soksi."

Soksi zangu! Mimi ninayenukia kama bwana harusi!

Jumamosi uvumilivu ukamwisha dada. "Baba watoto, mnunuzi wa vyuma chakavu anapita jioni. Kama hilo dude litakuwa bado linavuma, linaondoka."

Shemeji akaikumbatia droo yake. Nilimdharau, lakini nilimwelewa: kutwa nzima anainamia soli za watu wengine, na kitu pekee alichojitengenezea mwenyewe ni kile.

Akabadili fyuzi. Mngurumo. Akachomoa waya unaoleta muziki. Mngurumo uleule.

"Ubovu uko upande wa umeme," akasema. Akachomoa plagi, akaumaliza umeme uliobaki ndani kwa kuugusisha balbu, kisha akazamisha pua kwenye kapasita, yale makopo madogo yanayotuliza umeme. "Hili zima. Hili zima. Hili nalo, safi kabisa."

Nikainama nami. Lo! Harufu ilinipiga kofi. Lile kopo "safi kabisa" lilikuwa limevimba utosi, chini limevuja uji wa kahawia unaonata, na mende amekwama humo, bado anachezesha sharubu. Shule mimi niliikimbia mapema, lakini pua yangu ina digrii.

"Shemeji, husikii huo uozo?"

"Uozo gani?"

Nikavua soksi, nikamwekea puani. "Na hii?"

Akavuta pumzi ndefu. "Haina kitu."

Nikamgeukia dada kwa ushindi. "Umemsikia? Hazinuki!"

"Shahidi wako hana pua, kaka!"

Ni kweli. Moshi wa lehemu na gundi ya viatu vilishaiua pua ile zamani, naye akaendelea kuhukumu nayo. Shemeji akaitoa mita kabatini, akapima kapasita nyingine kutoka kwenye kopo lake la kuwekea vipuri vya akiba, akazitupa tatu, ya nne ikakubali. Akaling'oa lile lililovimba, akalitupa kwenye pipa la taka, akalehemu zima mahali pake, akawasha.

Kimya. Kisha akarudisha waya wa muziki, na sauti ikatoka tamu hata mimi nikasahau ule uvundo.

"Vyuma chakavuu!" mtu akaita njiani.

Dada akaenda mlangoni. "Pita tu, baba, leo hatuna."

Aliporudi alimkuta mumewe amelichakura pipa la taka, amelitoa lile kopo lililooza, amelipangusa kwenye suruali na kulitia kwenye mfuko wa shati.

"Bati lake bado zuri," shemeji akajitetea.

Dada akatoka mbio. "Wewe wa vyuma! Rudi!"

Amplifaya ilibaki. Kopo la vipuri liliondoka, na lile la mfukoni pia, pamoja na shati lenyewe. Nami nilipojaribu kumkumbusha dada kwamba soksi zangu zimeonewa, akamwuliza mnunuzi kama soksi nazo anachukua. Mnunuzi alizitazama, akapiga hatua moja nyuma.