Swali Lililojibiwa Amina

Rafiki yangu, nakueleza wewe kwa sababu najua hutanicheka, na ukicheka utacheka pamoja nami. Grupu la simu la darasa letu la jioni hapa Korogwe nililianzisha mimi, na mimi huyo huyo nikakaribia kuliua.

Tulikuwa akina mama kumi na mmoja, tunasomea mtihani wa kidato cha nne. Msimu wa kulima ulipoanza, wenzetu wa Mashewa na Kang'ata wakarudi kwao mashambani, wakashindwa kufika darasani. Nikasema hakuna kuacha shule, tutasomea kwenye simu.

Kila alfajiri nikimaliza kusali nilituma mstari wa Biblia. Waislamu wetu wakatuma dua. Halafu zinakuja shikamoo, marahaba, picha za maua, Amina, Amina. Anayeingia saa nne anasalimia upya, maana huwezi kukuta watu wazima ukaanza tu na hesabu. Nilifurahi, nikaona grupu limechangamka.

Asubuhi moja mwenzetu mmoja wa Mashewa akajitoa kwenye grupu. Zilikuwa zimebaki siku nne za kujiandikisha mtihani wa kidato cha nne. Nikampigia.

"Usinibembeleze, dada," akasema. "Nimeuliza hesabu ya kutafuta x mara tatu. Nimejibiwa Amina."

"Nani kakujibu hivyo?"

"Wewe. Kaangalie huko juu. Mtihani wenyewe nimeshauacha."

Nikaangalia. Kweli, picha ya hesabu yake ipo, na chini yake Amina yangu, niliyomwitikia mtu mwingine. Swali sikuwa nimeliona hata mara moja.

Siku hiyo hiyo nikafungua magrupu mawili. Moja la salamu na maombi. Jingine la darasa: unaingia bila salamu, linawekwa swali moja, na hakuna jingine mpaka aliyeuliza aseme ameelewa. Mstari wangu ndio niliouhamisha wa kwanza. Iliniuma, lakini Mungu hakunituma nifunike swali la mtu.

Bibi wa Kang'ata, mkubwa wetu, anayeuza maharage gulioni, akatuma sauti kali. "Yaani niingie nyumba ya watu bila hodi? Mmenionaje?"

"Shikamoo bibi," nikamjibu. "Mwalimu akiwa ubaoni, huwa unapiga hodi?"

"Marahaba. Haya. Ila huko kwenye salamu mkininyima shikamoo zangu, nahama."

Nikamwomba wa Mashewa arudi, siku moja tu. Akarudi. Nikaweka swali lake peke yake. Nikajikaza nisiandike neno la kujaza nafasi.

Mchana ikaja sauti ya bibi, kuku wanalia nyuma yake. "Wewe wa Mashewa, hiyo ni mizani. x ni gunia usilolijua uzito. Ukitoa kilo tatu upande huu, toa tatu na upande ule. Si unauza mahindi wewe? Basi, fanya."

Akafanya, akakosea. Tukamwonyesha wapi. Akakosea tena. Mara ya tatu ikatoka.

"Nimeelewa," akaandika. Halafu: "Keshokutwa nakuja kujiandikisha. Nisubirini."

Alikuja, akajiandikisha. Mtihani bado, na hesabu zinatutesa sote wawili, mimi na yeye, lakini kila siku swali moja linaingia na linajibiwa.

Kama una dada au jirani anayetaka kuanzisha darasa la simu, msomee haya, naye amsomee mwenzake, kabla hawajampoteza mtu.